Soma Kabla ya Kukubali

Kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ilijaa watu, na kila mmoja alikuwa na haraka isipokuwa muuzaji. Msanifu wa majengo alikuwa amevaa blauzi nyeupe, kosa kubwa mahali penye vumbi la saruji, na tableti yake iko mkononi. Fundi mmoja wa makamo, kofia imepauka kwa jua, alichungulia kioo.

"Dada, hiyo nyumba mbona inazunguka?"

"Ndiyo ramani yenyewe, kaka. Naizungusha nione jua litaingia wapi."

"Mimi nikitaka kuona jua, natoka nje."

Msanifu alicheka, ingawa miguu ilikuwa inamuuma tangu asubuhi.

Mwezi huohuo walikutana tena kazini. Ilikuwa zahanati ya matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa kwa kuni, na wodi zake zilitakiwa kupoa kwa upepo tu. Msanifu alichora, fundi akaongoza waashi. Mwaka ukapita wakiitana "mpenzi" kwenye simu na "bosi" mbele ya watu. Fundi alishamwambia mama yake, na kilichobaki ni kupanga siku ya harusi.

Tatizo lilikuwa simu. Ramani ikibadilika hata kidogo, mfumo wa ramani uliiliza simu ya fundi mpaka abonyeze Kubali. Naye, mikono imejaa udongo, aliibonyeza kwa kifundo cha kidole ili inyamaze. Ndivyo alivyokubali madirisha ya wodi yahamie upande wa upepo, kisha akaupandisha ukuta wa upande huo bila dirisha hata moja.

Siku ya ukaguzi mfumo ulituma taarifa kwa kila mtu pale kazini. Ukuta ubomolewe. Aliyekubali mabadiliko: fundi mkuu. Maandishi yalikuwa mekundu.

Simu ya msanifu iliita papo hapo.

"Umenianika mbele ya watu wangu."

"Sikuandika mimi. Mfumo unatuma wenyewe."

"Na mfumo kauleta nani?"

"Mpenzi, ulibonyeza Kubali."

"Nilibonyeza kwa sababu kimetoka kwako! Cha kwako nikisome cha nini?"

Msanifu alifumba macho. Alikuwa amechoka, na maneno yale, ambayo siku nyingine yangemlainisha, yalimchosha zaidi.

"Usiniamini hivyo," alisema. "Nisome."

Fundi akakata simu. Wiki nzima walisalimiana kwa kichwa tu, na msanifu alikula chakula chake cha mchana peke yake ofisini, bila hamu. Alimpenda mtu yule. Aliogopa ndiyo basi tena.

Siku ya kubomoa alifika akitarajia kifusi. Hakukuta kifusi. Matofali yalikuwa yamepangwa vizuri kivulini, na fundi ameketi juu yake akifunga kitambaa kwenye kidole.

"Umebomoa peke yako?"

"Tofali hili ukilipiga nyundo linarudi kuwa udongo. Nimeyatoa moja moja, siku tatu. Yamevunjika tisa tu." Akakaza fundo la kitambaa. "Ile taarifa nimeisoma. Yote. Madirisha yako yana akili."

Msanifu alikaa kando yake, sketi nzuri juu ya vumbi.

"Ningekupigia simu kabla ya ukaguzi. Samahani."

"Na mimi samahani, bosi."

Msanifu alirudi kwenye ofisi ya pale kazini, akachora kwa saa nzima, akatuma. Simu ya fundi ikalia: *Ramani mpya. Nyumba ya vyumba viwili. Wakazi: mume na mke. Kubali au Kataa.*

Kwenye kioo chake msanifu aliona imefunguliwa. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Akapiga.

"Mbona hujabonyeza?"

"Nasoma."

Msanifu aliibana simu sikioni.

"Mlango wa jikoni umeufungulia ndani," fundi akaendelea. "Utakubana ukipika."

"Nani kakwambia napika mimi?"

"Hilo halijaandikwa."

"Basi liandike."

Simu ikakatika. Msanifu alisogea dirishani. Kule bombani, fundi alikuwa ameinama ananawa mikono kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Akajifuta kwa shati, akatoa simu mfukoni, akasoma tena kuanzia juu. Kisha akabonyeza Kubali kwa kidole safi.