Mrija Ulioandikwa Taka

Kila asubuhi, kabla ya chai, Babu aligonga kioo mara mbili kwa ukucha. Ko, ko. Samaki sita walipanda juu, bapa na wa duara kama visahani vya chai, midomo wazi. Babu aliwapa chakula chao kwa vidole viwili, kidogo kidogo.

"Haya, foleni," aliwaambia. "Msisukumane. Kila mtu ataondoka na mgawo wake."

Ndipo naye alipokwenda kunywa chai. Kuwalisha ndiyo ilikuwa kazi yake pekee katika nyumba ile.

Asubuhi moja aligonga, hakupanda hata mmoja. Aligonga tena. Watano walikuwa wamejibanza nyuma ya chungu cha udongo, rangi zimefifia, wanahema haraka haraka. Wa sita alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe.

"Mwanangu," Babu aliita. "Njoo uone."

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa hapo hapo sebuleni, kando ya tangi la samaki. Samaki hao aliwalea tangu wakiwa wadogo kama vifungo vya shati. Wateja waliwatazama mpaka wakasahau kwamba nguo zao zimechelewa.

Alitia mkono majini, akamtoa yule aliyelala. Alimfunika kwa kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi.

"Jana tu nimewabadilishia maji," alisema. "Maji ya mtambo, masafi. Sasa nimekosea wapi?"

Macho ya Babu yalikwenda jikoni, chini ya sinki.

Maji ya bomba ya mtaa ule yalikuwa magumu. Sabuni haikutoa povu upesi, na ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe kama chokaa. Samaki wale walihitaji maji laini. Kwa hiyo mkwe alifungiwa mtambo wa kuchuja maji. Ulikuwa na vikopo vitatu vilivyofuatana, na mwishoni mirija miwili. Fundi aliyeufunga aliandika kwa kalamu ya wino mzito. Mrija mmoja aliuandika SAFI. Wa pili aliuandika TAKA.

Babu alihamia hapo baada ya kufiwa na mkewe. Mwanawe alikuwa dereva wa malori, wiki mbili nyumbani, wiki nne barabarani. Babu mwenyewe alikuwa ametunza stoo ya kiwanda miaka thelathini, na miaka yote hiyo haukupotea hata msumari. Lakini hapa, akishika ufagio, mkwe alimwambia, "Pumzika, Baba." Akigusa sahani, "Pumzika, Baba." Mkwe alisema hivyo kwa heshima. Babu akasikia kana kwamba amefutwa kwenye orodha ya vifaa.

Siku moja aliona mrija wa TAKA ukimwaga maji kwenye sinki. Ndoo moja ya maji safi ikijaa, ndoo tatu zilikuwa zimekwenda na maji. Aliyaonja kwa ncha ya kidole. Hayakuwa machafu. Taka gani hii inayong'aa?

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alijiambia. Akachukua kibanio cha nguo, akaukunja ule mrija, akaubana.

Siku hiyo ndoo ya SAFI ilijaa upesi kuliko kawaida. Babu alifurahi. Alisubiri aulizwe, ili ajibu kwa unyenyekevu kwamba ni jambo dogo tu. Hakuulizwa. Wiki tano zilipita.

Sasa, mkwe alipokwenda kumwita jirani, Babu aliingia jikoni. Alikitoa kibanio, akakitia mfukoni.

Jirani alikaa ghorofa ya juu. Kazi yake ilikuwa hospitalini, kuangalia maji yanayoingia kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Alitembea na mita ndogo ya maji mkobani, mfano wa kalamu. Jengo zima lilimwita Bi Mita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Mita. Umekuja kutupima?"

"Nawapimia maji tu. Watu nimewashindwa."

Alipima kwanza maji ya bomba. Mita ilisoma mia tatu na kumi.

"Namba hii inaonyesha chumvichumvi na madini yaliyoyeyuka humo," alisema. "Sasa ya mtambo."

Alichovya mita kwenye ndoo ya SAFI. Mia moja arobaini.

"Ulipofungiwa ilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili," mkwe alijibu. "Aliniandikia fundi."

"Na tangu hapo umepima lini?"

"Si ndiyo nimekuita."

Bi Mita alitoa kichupa, akadondosha matone mawili kwenye glasi ya maji ya SAFI. Maji yaligeuka manjano.

"Hii ni klorini. Dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ili tusiugue. Kwetu ni nzuri, lakini samaki inamuunguza mashavu anayopumulia. Kikopo cha kwanza hukamata tope. Cha pili kina mkaa, ndio unaozuia klorini. Mkaa ulibadilisha lini?"

Mkwe alizungusha utepe kidoleni. "Nilikuwa nasema mwezi ujao."

"Mwezi ujao wa mwaka gani?"

"Bi Mita, nisitiri basi. Mzee anasikia."

"Mkaa unachoka, mdogo wangu. Kila miezi sita hivi ubadilishe, pamoja na chujio la tope." Alifungua kikopo cha tatu, akauchomoa utando uliokuwa ndani. Ulikuwa umeshika ukoko. "Lakini huu sielewi. Una miezi kumi tu, na kwa kawaida unamaliza miaka miwili." Alishika mrija wa TAKA, akaupitisha vidoleni polepole. Akasimama. "Mrija huu una kovu."

Kibanio kilimchoma Babu pajani.

"Labda ni mimi tu," mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Sina mkono wa samaki. Dada wa duka la vitambaa aliwahi kuniomba. Hawa waliobaki nitampa, kabla sijawamaliza."

Babu alitazama kile kipande cha satini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshapita mara moja. Akatia mkono mfukoni, akaweka kibanio mezani.

"Kovu hilo nimelitia mimi."

Mkwe aligeuka. "Kwa nini, Baba?"

"Maji yalikuwa yanapotea."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Bi Mita alikichukua kibanio, akakitazama, kisha akamtazama Babu. Hakukasirika.

"Mzee, ukimlisha mgeni vizuri, halafu ukamfungia choo, itakuwaje?"

Babu alikohoa. "Atateseka."

"Basi ndivyo ulivyomfanya huyu. Utando una matundu madogo mno. Maji yanapita, madini yanabaki nyuma. Yale yanayobaki ndiyo huondolewa na mrija huu. Ukiuziba, madini hayana pa kwenda. Yanaganda juu ya utando kama kwenye birika, na mengine yanajipenyeza yaende kwa samaki."

"Mbona ndoo ilijaa upesi?"

"Siku za mwanzo, ndiyo. Maji yalisukumwa kwa nguvu. Hata punda ukimchapa anakimbia, mzee, lakini hafiki mbali."

Babu alicheka bila kutaka. Mkwe naye akafuta macho kwa ncha ya utepe.

"Samaki usiwatoe kwanza," Bi Mita alimwambia. "Nitakuonyesha."

Kwanza walitia tangini dawa ya kuondoa klorini. Jioni hiyo walileta chujio jipya la tope, mkaa mpya na utando mpya. Maji ya saa mbili za mwanzo waliyaacha yaende yote, ili mtambo ujisuuze. Kisha wakapima. Nane.

Mkwe alinyanyua ndoo aimimine. Bi Mita akamshika mkono.

"Subiri. Haya ni matupu mno. Samaki anahitaji madini kidogo. Hata hospitalini hatuyatumii hivi hivi, tunarudishia madini yanayotakiwa. Changanya na maji ya bomba yaliyotolewa klorini, au tia chumvi ya madini kutoka duka la samaki. Pima mpaka ukaribie namba ya tangi. Halafu badilisha kidogo kila siku, usiwashtue."

"Na hayo mengine?" Babu aliuliza, akinyoosha kidole kwenye mrija wa TAKA. "Yataendelea kupotea?"

"Nani amesema yapotee? Si ya kunywa, lakini sakafu haina ulimi. Yakinge."

Babu alisimama. Mkwe alifungua mdomo, na Babu alijua neno linalokuja. Lakini safari hii mkwe aliufunga mdomo, akaangalia kile kibanio.

"Baba," alisema, "pipa lile la bluu liko uani. Utaliweza?"

Babu aliliweza. Alilisuuza, akaliweka karibu na sinki, akaingiza mrija humo ukiwa wazi kabisa. Maji yake yalipiga deki, yakafulia nguo nzito, yakamwagwa chooni. Kila Jumamosi Babu alimwaga vikombe viwili vya kwanza vya SAFI, kwa sababu mtambo ukilala maji yake ya mwanzo hupanda namba. Kisha alipima na kuandika kwenye daftari, mwandiko wa stoo, namba zimesimama wima. Siku ya kubadilisha mkaa aliizungushia wino mwekundu kwenye kalenda.

Wiki ya saba, samaki wawili walitaga kwenye chungu cha udongo. Siku chache baadaye watoto walikuwa wamegandamana ubavuni mwa wazazi wao, wadogo kama vumbi lenye macho.

Mkwe alikuwa akishona. "Baba," aliita, "ndoo imejaa."

Babu alikuja upesi, akabeba, akapima, akaandika. Mkwe akampa kalamu ya wino mzito.

"Na ule mrija uuandike upya. Si taka tena."

Babu alichuchumaa chini ya sinki. Alilifuta lile neno kwa kitambaa chenye spiriti. Halafu akabaki hapo, kalamu mkononi.

"Mwanangu."

Cherehani ilinyamaza.

"Siku ile nilikwambia niliubana kwa sababu ya maji. Maji yalikuwa kisingizio. Nilitaka na mimi nifae humu ndani."