Mashine Isiyosahau

Kasoro ya kwanza ya mashine ile ni kwamba haikuwa na kasoro.

Fundi yeyote aliyewahi kununua mashine kuukuu ya kuchonga chuma, zile zinazoongozwa na kompyuta za zamani, anajua jambo moja kabla hata hajaulizia bei: kumbukumbu ya mashine inaishi kwa betri. Betri tatu tu, zile nene za tochi, ndani ya kisanduku kwenye kabati la umeme. Zikiisha nguvu wakati mashine imezimwa, mashine inasahau kila kitu. Inasahau urefu wa meza yake, inasahau kushoto na kulia, inabaki tani tatu za chuma kisicho na akili. Ndiyo maana betri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, na ndiyo maana fundi mwenye busara hunakili yote pembeni kabla ya kugusa chochote. Nasiri alikuwa fundi wa aina hiyo. Dawa zake za presha aliweza kuzisahau, lakini si kunakili.

Alipofungua kabati la mashine ile katika karakana yake ya mtaa wa Muhima, chini ya barabara inayoteremkia stendi ya mabasi ya Nyabugogo, alikuta betri zimeoza. Zilikuwa zimetoa unga mweupe na kula bati la kisanduku. Dalali aliyemuuzia alisema mashine imetoka Ulaya kwenye kontena, na kabla ya hapo ilikaa miaka miwili bila umeme. Basi Nasiri akajiandaa kwa wiki nzima ya kuifundisha upya, tarakimu baada ya tarakimu. Lakini Gakwaya, fundi wake wa umeme, alipoiwasha, kioo kikaleta maandishi ya kijani na kila tarakimu ilikuwa mahali pake.

Gakwaya alikulia Uganda, na alikuwa na desturi ya kumshukuru Mungu kwa sauti. Akapiga makofi. "Mzee, hii ni muujiza. Iko inakumbuka kila kitu."

"Betri zimekufa," Nasiri akasema. "Inakumbuka na nini?"

"Mzee, mtu anakuletea maziwa, wewe unamuuliza jina ya ng'ombe?"

Wakacheka, wakatia betri mpya. Kama ningekuwepo ningewavuta masikio wote wawili.

Aliyepewa mashine aiendeshe ni Uwera, binti wa pekee wa Nasiri. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amesomea ufundi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye vitufe vya zamani ambavyo vijana wengine huvidharau. Mama yake, Kaliza, alifariki Uwera akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu mwaka huo baba na binti walikuwa na desturi yao. Kila Ijumaa, wakikaa kula katika nyumba yao ya Busanza, kila mmoja alitoa jambo moja la Kaliza. Jambo dogo tu: alivyokuwa akipiga chafya, alivyomfukuza muuza mkaa aliyempunja. Wakiishiwa na mapya walirudia ya zamani. Nasiri hakuwa na mali nyingine aliyoiogopea zaidi ya hiyo, kwa sababu Kaliza hakuacha ndugu, na watu waliomjua vizuri walikuwa wamebaki wawili tu duniani.

Wiki ya pili ikaja harufu. Mashine ya kuchonga hunuka mafuta na chuma kilichopata moto, na hiyo ni harufu ambayo fundi huipenda. Hii ilinuka chumba cha mgonjwa: mashuka ya siku nyingi, dawa iliyomwagika, dirisha lisilofunguliwa. Walisafisha tangi la maji ya kupoozea mara mbili. Harufu haikutoka humo.

Kisha sauti. Feni ya kabati ilikuwa na mvumo wake wa kawaida, ila Uwera aliposimama mbele ya kioo mvumo ule ulipungua, ukawa kama mtu anayesoma chini ya pumzi, harakaharaka, akiogopa kusahau mstari. Akiondoka, feni inarudi kuwa feni.

"Papa, inanisomea," alisema siku moja, huku akicheka nusu.

"Inasoma nini?"

"Sijui. Nikisikiliza, inanyamaza."

Mashine za zama zile hupima kumbukumbu kwa mita, kana kwamba ni kitambaa, kwa kuwa zamani maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Siku ya kwanza, kazi za karakana zikishaingizwa, kioo kilionyesha mita arobaini tupu. Mwisho wa mwezi zilibaki ishirini na sita, na hakuna aliyeongeza kitu. Ijumaa hiyo Uwera alitoa jambo lilelile alilolitoa Ijumaa iliyopita. Iliyofuata alishika kijiko, akakirudisha sahanini, akasema, "Leo sina." Jumatatu alipotea njia kutoka kituo cha basi hadi nyumbani, mwendo wa dakika tano, na jirani ndiye aliyemfikisha.

Nasiri alimpeleka hospitali. Walimpima kichwa, wakasema apumzike.

Siku aliyopumzika Uwera, Nasiri aliketi mwenyewe mbele ya kioo akapekua orodha ya kazi zilizohifadhiwa. Chini kabisa, baada ya gia za vinu na kalibu za matofali, zilikuwapo kazi kumi na nne zisizo na jina. Akafungua mojawapo, akaona tarakimu tu, kurasa kwa kurasa. Fundi haogopi tarakimu, hutaka kujua zinachonga nini. Akafunga kipande cha alumini mezani, akabonyeza kitufe cha kijani.

Ilikuwa saa sita mchana, nje watu wanapita na mizigo yao kuelekea Nyabugogo, na kisu kikashuka polepole, kikaanza kuzunguka, kikachonga taya, kikachonga kilemba, kikapanda kwenye shavu na kwenye jicho, na mvumo wa feni ukawa unasoma tena, safari hii kwa sauti iliyoridhika, na Nasiri, aliyekuwa ameweka mkono kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, hakukibonyeza, kwa sababu pale kwenye nyusi ya kushoto kisu kilikuwa kimechonga kovu dogo alilolijua, kovu la Kaliza, na uso wenyewe ulikuwa umeinama kutazama chini, kidevu kikubwa, tundu za pua zikionekana, jinsi mama anavyoonekana kwa mtoto aliyelala mapajani mwake.

Hakuwahi kumwona mkewe hivyo. Ni mtu mmoja tu aliyewahi.

Jioni alimwonyesha Uwera. Akakigeuza kipande mkononi, akapitisha kidole juu ya kingo kama anayekagua kazi.

"Imetoka safi," akasema. "Huyu mama ni nani?"

Nasiri alitoka nje akalia barabarani mbele ya watu, na hakujali.

Asubuhi yake Gakwaya, ambaye sasa hakupiga makofi tena, alimwita kwenye mlango wa kabati. Mafundi kila mahali huandika pale kwa ndani tarehe ya kubadilisha betri na kutia sahihi. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja, miaka tisa mfululizo. Mwaka wa kwanza jina zima, na mkia wa madaha. Mwaka wa tano nusu ya jina. Mwaka wa nane herufi moja. Mwaka wa tisa hakuandika kitu, alichora tu mstari uliokwenda ukaishia kwenye bati tupu.

"Mzee, mimi niko mtu wa kanisa," Gakwaya akanong'ona. "Lakini hii, tafuta watu wenu Waislamu, wa Biryogo."

Mtu wa Biryogo alikuwa Bibi Swafiya, mjane fundi cherehani, aliyewasomea watu Kurani kwa miaka mingi na hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alikuja na msahafu wake, hakutaka chai. Alisimama mbele ya mashine, akanusa, akasikiliza, halafu akarudi kukaa kwenye ngazi za mlangoni akiwa ameshika goti.

"Nasiri mwanangu, huyo si jini wa mto wala wa pango," akasema. "Hana chake. Anaishi kwa yale watu waliyobeba vichwani. Humo ndani ndiyo ghala lake."

"Tufanye nini, mama?"

"Si umeniambia hicho chuma kinaweza kusahau? Kisahaulishe. Kizimeni, toeni betri, mimi nisome siku tatu. Akikosa pa kukaa atakwenda."

"Na alichochukua kwa mtoto?"

"Kitakwenda naye. Mtoto hatapoteza tena. Lakini yaliyokwenda yamekwenda, usiyafuate. Na usibakize kitu chake, hata herufi moja. Umenisikia?"

"Yego, mama. Nimekusikia."

Alikuwa amemsikia kweli. Lakini alipobaki peke yake na bisibisi mkononi, miaka thelathini ya kazi ilimshika kiwiko. Kumbukumbu haifutwi kabla ya kunakiliwa. Akajiambia kwamba jini ni jini na tarakimu ni tarakimu, kwamba mwizi anaweza kufukuzwa na mali ikabaki. Akaleta kompyuta yake ndogo, akaunganisha waya, akanakili yote. Kwa dakika saba zote za kunakili, feni ilizunguka bila kusoma hata neno. Kisha akazima, akatoa betri.

Bibi Swafiya alisoma siku tatu. Ya tatu harufu ilitoka kwa mkupuo mmoja, hata muuza chipsi wa jirani akafunika ungo wake, na karakana ikanuka mafuta na chuma. Uwera aliacha kupotea njia. Akawa mwepesi tena, mcheshi tena, akamtania Gakwaya kwamba amekonda kwa kuogopa bati.

Ikaja Ijumaa. Nasiri alitoa jambo lake la Kaliza. Uwera alisikiliza vizuri, akauliza swali la heshima, akatazama picha ukutani kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi asiyoihudhuria. "Alikuwa mzuri," akasema. "Pole, papa."

Ijumaa tatu Nasiri alivumilia. Uchungu wa kufiwa aliujua, huu ulikuwa mwingine. Alikuwa amebaki yeye tu, na siku akizikwa, Kaliza angekuwa hajawahi kuishi.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, saa ile watu wameweka majembe chini na maduka ya Muhima bado yamefungwa, aliingia karakana peke yake. Akatia betri. Akawasha. Akaunganisha waya, akasema bismillahi, na ulimi ulimwia mzito, akabonyeza kuyarudisha yote aliyonakili.

Kompyuta ikaonyesha kwamba yote yamekwenda kwenye mashine. Kioo cha mashine kikabaki kitupu. Hakuna kazi hata moja, mita zote tupu. Akarudia mara ya pili. Kitupu. Alikuwa ameinama akikagua waya simu ilipolia.

"Papa," Uwera akasema. Sauti ilikuwa ya furaha. "Nimemkumbuka mama."

Akamtajia kovu, na lilipotoka. Akamtajia wimbo aliokuwa akiuimba akifua, na jinsi alivyokosea maneno yake. Nasiri alikaa sakafuni, akamshukuru Mungu kwa sauti kuliko Gakwaya.

"Kuja nyumbani, papa. Nakungoja."

Alipanda pikipiki hadi Busanza. Madirisha yote ya nyumba yalikuwa yamefungwa, mchana wa jua kali, na alipovuka kizingiti ile harufu ya mashuka na dawa ilimpokea. Alisimama. Mwili wake ulijua. Lakini Uwera alikuwa mezani, sahani mbili zimewekwa, anamwambia mambo ya Kaliza moja baada ya jingine, mambo ambayo Nasiri alikuwa ameyakosa Ijumaa hizo zote, na alikuwa na njaa nayo, akaketi.

"Sasa zamu yako," binti akasema. "Jambo moja."

Nasiri akasimulia siku aliyomwona Kaliza mara ya kwanza, kwenye foleni ya mafuta ya taa.

"Lingine."

Akasimulia ndoa.

"Lingine, papa. Polepole. Usiruke."

Akasimulia, na kadiri alivyosimulia, midomo ya Uwera ilikuwa inatembea nyuma ya maneno yake, chini ya pumzi, harakaharaka, kama ile feni, na Nasiri alitaka kurudi kwenye lile jambo la kwanza aongeze kitu na hakulipata, alikumbuka kwamba kulikuwa na foleni, kisha hakukumbuka ya nini, kisha hapakuwa na foleni, palikuwa na mwanamke kwenye picha ukutani mwenye kilemba, mtu wa kupendeza, ndugu wa mtu fulani. Akainuka kwa nguvu zake zote, akatoa simu amwite yule mama msomaji. Akapitisha kidole juu ya majina, juu, chini. Hakujua anatafuta lipi.

"Kaa, mzee," akasema msichana, kwa upole mkubwa, akimvutia kiti. "Tulikuwa tumefika pazuri. Ulitaka kuniambia habari za mtoto wako. Uwera."

"Uwera," Nasiri akalijaribu jina mdomoni. Aliona ni jina zuri. Akakaa, akasugua paji la uso, akamwomba radhi msichana wa watu kwa kumchelewesha.

"Nilikuwa naye hapa sasa hivi," akasema. "Subiri kidogo, binti. Nitamkumbuka."