Marahaba Isiyo na Shikamoo

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Doris aliketi kwenye meza ya jikoni kwa bibi yake, Kibosho, akamwaga mbele yake kopo zima la adapta. Zilikuwa zile za kuchomeka kwenye simu zisizo na tundu la hedifoni: upande mmoja kichwa cha taipisii, upande wa pili tundu la duara, katikati kijiwaya kifupi kama mkia wa panya. Nje, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mlima haukuonekana tangu Ijumaa.

Kazi hiyo alipewa na Primus, anayeuza vifaa vya simu mjini Moshi. Primus alikuwa amenunua adapta za bei chee kwa mafungu, na wateja walikuwa wakimrudishia hata akitoka misa.

"Dada injinia," alimwambia, "wewe una masikio ya chuo kikuu. Inayolia kama nzi, weka huku. Inayoimba, weka kule."

"Na nzi anayeimba?"

"Huyo nampa shemeji yangu."

Doris alicheka. Alipokuwa juu ya bodaboda, akirudi, aligundua kwamba hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa wiki nzima, na kwamba Primus ndiye mtu wa mwisho aliyemwita kwa jina lolote.

Alisomea uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam. Mkataba wake wa kazi uliisha mwezi wa tatu, mwezi mmoja baada ya bibi yake, Mektrida, kuzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, hatua chache kutoka jikoni. Kihamba hakiachwi baridi. Wajomba wenye nyumba zao Arusha na Dar walikaa kikao, wakaangaliana, kisha wote wakamwangalia asiye na mume wala ajira. Tangu hapo Doris ndiye aliyewasha moto asubuhi, akauzima usiku, na katikati ya hayo mawili hakuwa na wa kuongea naye.

Ukimya ule, angalau, ulifaa kazi. Maana ubaya wa adapta haujulikani kwenye muziki. Muziki una kelele, huficha mengi. Doris alichomeka kila moja kwenye simu yake, akavaa hedifoni, akasikiliza kwanza bila kufungulia chochote. Nyingine zilivuma. Nyingine zilitoa sauti sikio moja tu. Moja ilifanya besi isikike kama mtu anayepiga ndoo. Zile nzuri kidogo zilikuwa na akili: pakiwa kimya zinajifunga zenyewe, mvumo unakatwa, unabaki utupu safi.

Baada ya ukimya alifungulia sauti anayoijua kuliko zote. Mafundi wengine hutumia kwaya. Doris alitumia ujumbe wa mwisho wa bibi yake.

Bibi Mektrida hakuwahi kuelewa ujumbe wa sauti wa simu. Yeye aliona ni simu kama simu nyingine, kwa hiyo aliongea, kisha akanyamaza kumngoja Doris ajibu. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde arobaini na moja. "Dorisi!" Kimya. Kimya kingine, kirefu kidogo, cha kungojea shikamoo. Halafu, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Kimya. "Haya. Mlango sijafunga." Kimya tena, na mkwaruzo wa kidole kinachotafuta pa kubonyeza. Ukoo mzima ulikuwa ukimcheka kwa ile marahaba ya kujibia shikamoo ambayo hakuna aliyeitoa. Ujumbe huo aliutuma Jumamosi. Jumatano iliyofuata alikutwa sakafuni, hapo jikoni. Daktari alisema alianguka siku mbili kabla ya kukata roho.

Siku mbili. Doris alikuwa akilala na kuamka na neno hilo. Alichotaka kujua kilikuwa kitu kimoja tu: je, bibi alikuwa peke yake?

Adapta ya saba ilikuwa nyeupe, haina jina la kiwanda, na waya wake ulikuwa umepinda. Alipoichomeka ilivuma, mvumo mpana, kama mvua ya mbali inayonyesha juu ya majani ya migomba. Haikuwa na ile akili ya kujifunga. Doris aliiweka upande wa mbaya, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza anachoanza, akaichomeka tena na kufungulia ujumbe.

"Dorisi!" aliita bibi.

Katika ule ukimya, chini ya mvumo, mtu akasema: "Abee."

Doris alirudia. Alirudia tena. "Dorisi!" "Abee." Kisha, mahali ambapo siku zote palikuwa na utupu: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" "Bado, bibi."

Alibadilisha hedifoni. Akahamisha ujumbe kwenye kishikwambi chake cha zamani chenye ufa. Akajaribu adapta nyingine zote: utupu safi, hakuna mtu. Akarudi kwenye ile nyeupe: mtu yupo. Alijiambia kwamba adapta mbovu huongeza mvumo, hukata sauti, huchanganya masikio, lakini haina ubongo wa kutunga maneno. Haiwezi kuleta kisichokuwapo. Inaweza tu kushindwa kukificha.

Na sauti ile aliijua. Kila mtu huijua sauti yake iliyorekodiwa, na huichukia kidogo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Saa kumi na mbili kasoro, mlango ulibishwa. Doris hakuitikia. Bibi alimfundisha hivyo tangu utotoni: ukiitwa na mtu usiyemwona, funga mdomo mpaka aje mbele ya macho yako. Alichungulia dirishani kwanza. Alikuwa Mama Wense, jirani wa upande wa juu, na chupa ya maziwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umefungua mwenyewe! Kumbe una miguu."

"Kwa nini, mama?"

"Si ndiyo kawaida yako, kuitikia kutoka ndani kama malkia? Wasomi nyie."

Doris alipokea chupa. "Mama, wiki ile bibi alipofariki. Kuna mtu alikuwa anakaa naye?"

Mama Wense alimtazama kama anayetegwa. "Si wewe?"

"Mimi nilikuwa Dar."

"Acha utani, mtoto."

"Nilikuwa Dar, mama. Nilikuja na basi siku ya msiba."

"Hilo la basi nililiona, nikajua ulikwenda kuwapokea wenzako." Mama Wense alishusha sauti. "Jumapili ile, Jumatatu, Jumanne, nilipita hapo njiani. Nikasema hodi, Mektrida. Ukaitikia wewe. Ukanipa na shikamoo. Ukasema bibi amelala, amekula, hajambo. Ndiyo maana sikuingia. Ningeingiaje wakati mjukuu yupo?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Nitakuja asubuhi," Mama Wense alisema mwishowe, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Doris alikomea mlango. Alitikisa komeo mara mbili kuhakikisha.

Sasa alikuwa na jibu lake. Bibi hakuwa peke yake. Alilala sakafuni siku mbili, na mlangoni kulikuwa na kitu kinachosema kwa sauti ya mjukuu wake kwamba hajambo, kinawarudisha watu mmoja mmoja. Bibi aliyafundisha masikio ya watoto wote, lakini mwenyewe aliitikiwa kwenye simu, akaamini. Akaacha mlango wazi.

Mtu mwingine angeichukua ile adapta akaitupa chooni. Doris aliichomeka tena, akavaa hedifoni. Si kwa ujasiri. Ni kwamba alikuwa na miezi minne bila kuitwa mwanangu. Alijidanganya kwamba anafuata utaratibu: kwanza ukimya, bila kufungulia chochote. Aliiweka simu mezani. Kioo kilikuwa kimezima. Hakuna kilichokuwa kikicheza.

Mvumo. Mvua juu ya migomba.

"Dorisi!"

Ilikuwa sauti ya bibi. Karibu. Karibu kuliko kwenye ujumbe. Kisha ikanyamaza, ikangoja, kama alivyongoja bibi.

Abee ilipanda mpaka kwenye meno ya Doris. Ni neno moja tu. Angelisema, angekuwa na mtu humu ndani. Jioni zingekuwa na mazungumzo. Alifunika mdomo kwa viganja viwili.

Kwa bibi, kitu kile kilikuwa Doris. Kwa Doris, kimekuwa bibi.

Ukimya ukaendelea. Wenye urefu uleule.

"Marahaba, mwanangu."

Doris aligusa midomo yake. Ilikuwa imefungwa. Hakuwa ametoa shikamoo.

"Umekula?"

Na nyuma yake, si kwenye hedifoni, ndani ya jiko lenyewe, sauti yake ikajibu: "Bado, bibi."

Alizivuta hedifoni masikioni. Kimya. Aligeuka taratibu, bega kwanza, kisha shingo. Hakukuwa na mtu.

Mlango ulikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye mafiga.

Kukimbilia kwa Mama Wense kulimaanisha kupita kwenye migomba, gizani, kando ya kaburi. Doris alikimbilia chumbani kwa bibi, akasukuma kitanda mlangoni, akaiacha simu kule mezani na adapta ikining'inia. Alichukua kanga, akajifunga mdomo, fundo kisogoni, ili usingizi ukimchukua asije akaitikia. Hakulala. Usiku kucha, kule jikoni, watu wawili waliongea kwa sauti ya chini. Waliulizana kama wamekula.

Kulipopambazuka waliacha.

Asubuhi ile ya Jumatano Doris alitoka bila kuangalia meza. Alichukua kikombe cha maziwa, akafunga mlango wa jiko kwa ufunguo, akautia ufunguo kiganjani. Alikwenda kwenye kaburi la bibi, katikati ya migomba, palipozungushiwa mimea ya masale. Akamwaga maziwa kidogo. Alifungua ile kanga mdomoni.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Akangoja. Alingoja muda uleule ambao bibi alikuwa akimngoja yeye. Jani la mgomba lilitikisika, likatulia. Hakuna aliyesema marahaba. Doris alilia kidogo, kwa nafuu. Bibi yake alikuwa amelala. Wafu wema hawaitikii.

Ndipo aliposikia kandambili njiani, na sauti ya Mama Wense mbele ya nyumba: "Hodi! Doris!"

"Abee!" ilijibu nyumba. "Shikamoo, mama!"

Ilikuwa sauti yake, changamfu, ya mtu aliyelala vizuri. Ilitoka ndani. Ufunguo ulikuwa ukimkata kiganja.

"Marahaba. Umeamkaje, mwanangu? Jana uliniacha na mawazo."

"Salama, mama. Nilikuwa nakutania tu. Wewe nenda, nimekula, sijambo."

"Utani gani huo, mtoto?" Mama Wense akaguna, akacheka kwa shida. Kandambili zikaanza kuondoka.

Doris alifungua mdomo kumwita, akaufunga. Akimwita kutoka kwenye ukungu, ni nani atakayeaminiwa? Sauti zilikuwa mbili sasa, na moja ilishapewa marahaba. Alidondosha kikombe. Alipenya katikati ya migomba kwa mabega, akaruka mfereji, akatokea njiani mbele ya Mama Wense, matope hadi magotini, kanga shingoni. Hakusema neno. Alisimama tu, aonekane.

Mama Wense alimtazama. Akageuza kichwa kuitazama nyumba. Akamtazama tena. Chupa ya maziwa ilimtoka mkononi, ikabingirika mpaka kwenye mfereji.

"Mguse," alinong'ona, akijiambia mwenyewe, akanyoosha kidole, akamgusa Doris shavuni. "Wewe ni moto."

"Ni mimi, mama."

"Na yule?"

Doris alifungua kiganja, akamwonyesha ufunguo.

Hawakurudi kuchukua viatu, wala simu, wala kopo la Primus. Doris alimshika Mama Wense mkono, wakaanza kushuka kuelekea kanisani, wakitembea sambamba, kila mmoja akihakikisha anamwona mwenzake. Walikuwa wamefika kwenye daraja simu ya Mama Wense ilipoita, ndani ya kanga, kiunoni. Mama Wense aliitoa. Kwenye kioo palikuwa na jina, kama alivyolihifadhi siku ya msiba: Doris wa Mektrida.

Waliiacha iite. Iliita mpaka ikakatika.

Halafu ukaingia ujumbe wa sauti. Sekunde arobaini na moja.

Doris aliichukua simu mikononi mwa Mama Wense, akaizima, akaigeuza kifudifudi kiganjani, na wakaendelea kushuka.