Tangi Lisilojazwa Pomoni

Katika nyumba ya kinyozi hakukuwa na chombo kilichoachwa nusu. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo yalipotoka, ndoo zilijazwa, sufuria zilijazwa, hata birika la chai halikusahauliwa. Mke wake, mwoka mikate, hakutaka kabisa kuona ndoo iliyopungua.

Mama mzazi wa kinyozi aliishi nao. Wote walimwita Bibi. Miguu ilimsumbua, na ngazi za ghorofa zilikuwa zimemshinda. Basi alishinda sebuleni, mbele ya tangi la samaki ambalo kinyozi alipewa na mteja aliyehama. Tangi hilo la vioo lilikaa juu ya kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na tangi jingine dogo. Maji yalishuka kwa bomba kutoka tangi la juu, yakachujwa katika tangi la chini, kisha pampu ya umeme ikayarudisha juu. Ikawa hivyo mchana kutwa na usiku kucha.

Bibi aliwapa samaki majina. Mnene aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa wa kwanza kula na hakufanya kazi yoyote. Mwekundu aliyependa kujitazama kwenye kioo aliitwa Bibi Harusi. Watu wakienda kazini, Bibi alizungumza na samaki. Alisema angalau hao hawamkatizi.

Shida ilikuwa moja. Umeme ukikatika, sebule ililowa. Maji yalitoka chini ya kabati, yakapenya sakafuni, yakadondoka nyumba ya chini. Huko aliishi mshonaji na vitambaa vya wateja wake.

Mara ya kwanza mshonaji aliwapa pole. Mara ya pili alinyamaza, na kinyozi aliona heri angegomba. Mara ya tatu alipanda ngazi akiwa amebeba gauni la harusi la mteja, likichuruzika maji.

"Jirani, nimevumilia vya kutosha," alisema. "Maji yakidondoka tena, tangi hili liondoke, au nitaenda kwa mwenye nyumba."

Kinyozi alidhani kioo kina ufa, na alikuwa ameshapaka gundi kila pembe, hadi kabati likanuka kama karakana. Jioni hiyo Bibi alisukuma sahani yake pembeni.

"Waondoeni tu hao samaki, mwanangu," alisema. "Mimi nitaangalia ukuta."

Maneno hayo yalimchoma kinyozi kuliko lile gauni.

Mshonaji naye alikuwa amemwona Bibi alivyoinamisha kichwa aliposikia onyo lile, na roho ikamuuma. Kesho yake alirudi na mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza matangi kwenye kituo cha kuzalisha samaki. Mdogo mtu alimwamkia Bibi, akafungua kabati na kuchungulia. Tangi la chini lilikuwa limejaa pomoni.

"Nani anaongeza maji humu?" aliuliza.

"Mimi," Bibi alijibu. "Kila siku naona yamepungua, naongeza kikombe. Kwani kuna kosa?"

Mwoka mikate akakiri kwamba yeye pia huongeza akirudi kazini. Kinyozi akakohoa kidogo. Naye huongeza kabla ya kulala.

Mdogo wa mshonaji alicheka hadi akashika ukuta. Aliwaambia kwamba tangi lao halina ufa wowote, ila lina walezi wengi mno. Kisha akawaeleza taratibu.

"Pampu ikisimama, maji yaliyo juu hayasimami papo hapo," alisema. "Yanaendelea kushuka kwa bomba mpaka yafike chini ya tundu lake. Yale mengine yanarudi kwa bomba la pampu. Mmewahi kuvuta mafuta ya taa kwenye pipa kwa mpira? Mdomo wa mpira ukiwa ndani, mafuta hayaachi kutoka. Na hapa mdomo wa bomba lenu la pampu uko chini sana majini. Maji yote hayo yanakuja tangi la chini. Yakikuta limejaa, yataenda wapi?"

"Kwangu," mshonaji alisema.

Kinyozi aliuliza kuhusu vali ya kuzuia maji kurudi, kwa kuwa aliiona dukani.

"Ifunge ukitaka, kaka, lakini usiitegemee. Uchafu kidogo ukikwama, vali haizibi. Nafasi tupu haikwami."

Wakaanza kazi. Kwanza waliinua mdomo wa bomba la pampu ukawa karibu na uso wa maji, ili maji yakishuka kidogo tu, hewa iingie na mvuto ukatike. Waya wa umeme uliolala sakafuni waliuning'iniza juu. Wakapunguza maji ya tangi la chini. Kinyozi akakausha mikono na kuzima pampu kwenye soketi. Maji yakapanda. Yalipotulia, wakateka mengine mpaka pakabaki nafasi ya vidole vinne chini ya ukingo. Kisha wakawasha pampu. Maji yakashuka, lakini bado yaliifunika pampu iliyozama humo, isije ikakauka na kuungua.

Mshonaji akatoa rangi ya kucha mkobani. Bibi ndiye aliyechora mstari mwekundu nje ya kioo, pale maji yalipotulia.

"Ongezeni pampu ikiwa inafanya kazi, na msivuke mstari huu," mdogo wa mshonaji alisema. "Na aongeze mtu mmoja."

Wote wakamtazama Bibi.

Siku chache baadaye, mchana, umeme ulikatika. Pampu ikanyamaza. Bibi alikuwa peke yake. Alifungua mlango wa kabati kwa fimbo yake akaangalia. Maji yalipita mstari mwekundu. Yaliendelea kupanda, polepole, halafu yakasimama chini ya ukingo. Bibi alisubiri. Hayakusogea tena. Alimwambia Mwenyekiti kwamba hatahamishwa nyumba yake.

Huko chini, mshonaji alikuwa amerundika vitambaa kitandani na kutega beseni. Alitazama dari mpaka shingo ikauma. Mwishowe alichukua beseni akapanda nalo juu.

"Yamepanda, yakasimama," Bibi alimwambia kabla hajauliza.

Mshonaji alimwonyesha beseni. Lilikuwa kavu. Wote wawili wakacheka, cheko la watu waliotua mzigo. Umeme uliporudi, pampu iliwaka na maji yakashuka hadi kwenye mstari.

Mshonaji hakuondoka. Aligeuza beseni lake kichwa chini, akalikalia mbele ya tangi.

"Haya, Bibi," alisema. "Mwenyekiti ndiye yupi?"

Bibi alivuta kiti chake karibu na kuanza kumtambulishia samaki mmoja mmoja.