Hakuna Mtu Uani

Sauti uijuayo, ikikujibu nyumbani,
Hujamwona mwenye nayo, usiitie moyoni.

Nyuma ya nyumba ya Renatus, tabibu wa zahanati huko Balangdalalu, ilisimama antena ya redio yake ya mawasiliano: bomba la shaba lililokunjwa likawa duara. Hakuhitaji kuigusa. Akiwa kitini sebuleni alibonyeza rimoti, mota ndogo ikazungusha kapasita, kifaa cha kuchagua masafa, kule nje, na mvumo wa spika ulipokolea alijua antena imeshika masafa. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha sauti ilikuwa lazima uani pawe patupu, kwa maana shaba ile ikijaa nguvu humuunguza aigusaye. Ndiyo sababu mkewe, Zita, alichungulia kila mara dirishani mwa jikoni.

"Uani?"

"Hakuna mtu!"

Jioni moja jibu lilitoka kwenye spika, kwa sauti ileile ya Zita.

Renatus alisita, kisha akarusha. Alisikika ng'ambo ya bahari, safi kuliko siku zote. Baadaye Zita akaingia na ndoo ya unga kichwani.

"Mashineni kulikuwa na foleni. Umeshinda na bi mdogo wako wa shaba?"

"Hukuwepo hapa?"

"Kwani mimi niko wangapi, mume wangu?"

Renatus alijichekesha, asimwambie. Tangu hapo alimwacha mkewe aendelee na shughuli zake, akawa anamuuliza yule asiyemwona; na kila jibu lilikuja na harufu ya nywele zilizoungua. Usingizi ulimpaa kwa aibu, lakini hakuacha.

Mzee Hhando, jirani aliyejulikana kwa kutoa mapepo, aliinusa harufu ile akamwita kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Daktari, huyo anayekujibu hasemi uongo. Anajitazama mwenyewe, anaona si mtu, basi anakwambia hakuna mtu. Uwe unatoka, uangalie kwa macho yako."

"Nitatoka, mzee."

Hakutoka. Alasiri moja ukungu ulishuka kutoka mlima Hanang, ukaufuta uzio, ukayafuta mahindi, ukajibana dirishani kama shavu la mgonjwa, na Renatus, aliyeusikia mlango wa jikoni ukilia akajiambia ni upepo ilhali hata jani halikutikisika, akazungusha mota hadi mvumo ukakolea, ukawa pumzi, na ile pumzi ikanuka nywele.

"Uani?" akanong'ona.

"Hakuna mtu," ikajibu sauti ya Zita, karibu mno na sikio.

Akabonyeza.

Majirani walimkuta Zita chini ya lile duara, shuka alizotoka kuzianua zimemfunika nusu, kiganja kimeungulia kwenye shaba. Hhando aliyafumba macho ya marehemu, akaukata waya kwa panga, akainyunyizia antena majivu. Spika ikanyamaza. Ndipo alipogeuka.

"Daktari, nani alikwambia ubonyeze?"

Renatus alimtazama Kornelia, dada wa marehemu, aliyepiga magoti matopeni. Ukweli ulimfika kooni, akaumeza.

"Zita mwenyewe."

"Kweli, dada," ikasema sauti ya Zita kutoka sebuleni, taratibu, kwa upole wake uleule. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Kornelia akapiga yowe, akakimbia. Majirani wakamfuata wakikanyagana, na Mzee Hhando naye akalitupa panga, akatoweka ukunguni.

Uani hapakuwa na mtu; alikuwa amesimama Renatus tu.