Mko Wangapi Ndani?

Haya yalimkuta rafiki yangu Tadei, fundi kompyuta wa Kizwite, na mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mazungumzo. Alikwenda Pito kujaribu kufuli la umeme la ghala la mbegu. Programu aliiandika mwenyewe: mlango ukijifunga, inauliza, "Mko wangapi ndani?" Ukigusa kitufe cha namba yoyote, mara moja tu, mlango unafunguka.

Aliingia peke yake. Mlango ulipojifunga, balbu nayo ikaungua. Ghala halina dirisha, na harufu ya dawa ya wadudu ikaanza kumkaba koo. Akapapasa mpaka ukuta wa nyuma ilipokuwa kibodi, akabonyeza moja. Tak.

Mlango haukufunguka.

Akabonyeza tena. Tak. Tena. Tak. Nje akasikia sauti ya Jovina, mtunza ghala, ndiyo kwanza anarudi kutoka kula.

"Fundi, hapa kwenye skrini ya nje ya mlango naona moja, moja, moja. Kulikoni?"

"Dada Jovina, nakosa hewa! Ita watu!"

Akakimbilia mlangoni, akijigonga kwenye magunia, akausukuma kwa mikono yote miwili. Bati halikutikisika hata kidogo.

Ndipo kule nyuma, gizani, kitufe kikalia. Tak.

Kufuli likaachia. Tadei akaangukia nje, juani, akikohoa.

"Sasa imeandika mbili," Jovina alisema, macho bado kwenye skrini. "Kumbe mlikuwa wawili? Mwambie na mwenzako atoke basi, nifunge."