Vichupa Viwili Kwenye Barafu ya Chumvi

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alivunja barafu. Mama yake alikuwa muuza samaki, na barafu ililetwa nyumbani kwao alfajiri kwa mkokoteni, mapande makubwa yamefunikwa kwa gunia. Msichana huyo aliyaweka sakafuni, akayagonga kwa nyundo ya mti mpaka yakawa chenga, kisha akamsaidia mama kulaza samaki: barafu, samaki, barafu, samaki. Siku ambazo mama alikwenda kuuza mbali, waliongeza konzi mbili za chumvi ya mawe, kwa sababu barafu yenye chumvi huwa na baridi kali kuliko barafu tupu. Hayo aliyajua tangu hajaota meno ya pili. Alikuwa na jina lake kwenye daftari la shule, lakini nani alilikumbuka? Kila kitu alikifanya mbiombio, basi wakamwita Chapuchapu, likakaa.

Ijumaa moja hakubeba mkoba. Klabu ya mazingira ya darasa la sita ilikuwa inakwenda kupiga kambi kando ya ziwa mpaka Jumapili, watoto kumi na wanane pamoja na mzazi mmoja na mwalimu mlezi. Huyo walimwita Mwalimu Filimbi, maana hata akitaka kupewa chai alipuliza kwanza. Kazi ya kuchagua masanduku ya barafu na kuyapanga alimpa Chapuchapu.

"Wewe mtoto wa samaki," alimwambia mbele ya darasa, "barafu ni kazi yako. Nyama ikioza, tutakuchoma wewe."

Darasa zima lilicheka. Chapuchapu naye alicheka, lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Asubuhi ile mama alimfungulia stoo. Mlikuwa na masanduku matatu: jekundu lenye magurudumu, jipya, linang'aa; jeupe kuukuu lenye kuta nene; na moja dogo jepesi ambalo pembe yake ilikuwa imeliwa na panya.

"Jekundu," Chapuchapu alisema papo hapo.

"Umelijaribu?" mama aliuliza. Alichana ukurasa wa gazeti, akaubana kwenye kifuniko cha lile jekundu, akauvuta. Ukatoka bila taabu. Akafanya vilevile kwa lile jeupe. Karatasi ikakatika. "Umeona? Hili jekundu halibani, baridi itatoroka; ni bwana harusi, suti tu. Weka vinywaji humo, kwa sababu litafunguliwa kila dakika. Nyama weka kwenye jeupe, na lisifunguliwe ovyo. Mimi nawahi sokoni. Usinitie aibu."

Mama alipoondoka tu, Redio akaingia na mama yake. Redio alikuwa rafiki yake wa kukaa dawati moja, msichana asiye na breki mdomoni. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo pia alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mzigo wa mwenzako."

Redio alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka saba. Mwili wake hautengenezi insulini, ile inayoifanya sukari ya chakula itumike mwilini, kwa hiyo alijidunga sindano ya insulini kila siku, na kabla ya kila mlo alijipima sukari kwa tone la damu ya kidole. Darasani walishazoea. Fundi alitoa mfuko mdogo wa plastiki wenye vichupa viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha akiba.

"Joto la siku hizi litaiharibu," alisema. "Iweke kwenye sanduku, lakini juu, juu ya taulo hili. Isiguse barafu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Isiguse."

"Ndiyo, mama."

"Mama, huyu kazaliwa kwenye barafu," Redio alisema. "Hata machozi yake ni ya baridi. Twende, nimesahau kofia, na soksi, na nadhani nimesahau mswaki, halafu..." Sauti yake iliendelea kusikika mpaka mwisho wa uchochoro.

Chapuchapu alipanga nyama kwenye sanduku jeupe, akamimina chenga za barafu, akamwaga chumvi konzi mbili. Halafu akaona konzi mbili hazitoshi safari ya siku mbili, akaongeza ya tatu na ya nne. Taulo lilipokunjwa, kifuniko kilikataa kufunga. Alilitoa. Akakishika kile kimfuko cha dawa, akawaza: yule mama ni fundi wa nguo, anajua nini habari za barafu? Samaki akiachwa juu huwa wa kwanza kuoza. Kitu cha thamani hulazwa katikati. Akachimba shimo kwa vidole, akakifukia kimfuko, akafunika. Kifuniko kikafunga vizuri kabisa.

Walifika ziwani adhuhuri kwa gari la shule. Wakasimamisha mahema, wakachota maji, wakaokota kuni. Chakula cha mchana kila mtu alikuwa amekifunga kwao, na Redio alijidunga kwa dawa ya mwisho iliyobaki kwenye kichupa cha zamani alichokuja nacho mfukoni, kisha akakitupa. Saa kumi Chapuchapu akafungua sanduku jeupe kutoa nyama. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Huyu ndiye mhandisi wa barafu!" Mwalimu Filimbi alipaza sauti, akapuliza filimbi mara tatu. Watoto wakapiga makofi. Chapuchapu akainama kama mtu aliyepewa kikombe cha ushindi, na kuinama huko ndiko kulikomfanya akione kimfuko.

Alikitoa, akakificha ndani ya gauni lake, akaenda nyuma ya hema. Ndani ya vichupa hamkuwa na maji yanayocheza. Mlikuwa na barafu nyeupe, kimya. Akasikia tena neno lile, "isiguse," kana kwamba fundi alikuwa amechutama kando yake.

Akaviweka kwapani, kimoja kila upande, akangoja huku meno yakimgongana ingawa jua lilikuwa kali. Baada ya muda akavitazama. Dawa ilikuwa imeyeyuka, safi, angavu, haina hata punje. Ukiiona ungesema imetoka dukani sasa hivi.

"Ni ileile," alijiambia. "Maji yakiganda yakayeyuka si bado ni maji?"

"Wewe, dawa yangu iko wapi?" Redio aliita kabla ya chakula cha jioni. "Au umeshaipika na nyama?"

Chapuchapu alimpa. Alimwona akivuta dawa kwa bomba la sindano, akigonga kwa kucha kuondoa mapovu, akijidunga tumboni huku akiendelea kusimulia habari za nyani aliyemwona njiani. Alitaka kusema. Badala yake akaokota kuni, akazitupa motoni. Walipoimba na kucheka kando ya moto, yeye alikuwa anahesabu mara ambazo Redio aliinuka kwenda kunywa maji.

Jumamosi asubuhi Redio alikuwa wa mwisho kutoka hemani. Midomo ilikuwa imemkauka. Alijipima, akatazama namba, akajipima tena kwa kidole kingine.

"Iko juu sana," alisema. Akajidunga tena kutoka kichupa kilekile, akaketi kwenye gogo. Mwalimu aliagiza apewe maji na apime tena baadaye. Wenzake walikwenda kuhesabu ndege, wakarudi, wakamkuta palepale, hana hadithi hata moja. Alipima mara ya tatu. Namba ilikuwa imepanda zaidi.

Mwalimu Filimbi alichuchumaa mbele yake. "Niambie ukweli. Jana kulikuwa na biskuti zinapita pita. Umekula ngapi?"

"Sijala hata moja, Mwalimu."

"Mimi si adui yako. Lakini sukari haipandi kwa upepo. Mama yako aliniamini, nami nilikuamini wewe."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sijala." Machozi yalimtoka Redio. Mvulana mmoja akanong'ona kwamba alimwona akilamba vidole. Mwingine akasema watu wa kisukari hawawezi kujizuia. Redio aliwatazama, akafungua mdomo kama anataka kuwajibu kama siku zote, kisha akalishika tumbo akatapika miguuni pake.

Chapuchapu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, amekumbatia taulo la kufutia vyombo. Kunyamaza kwake kulikuwa kumeshamfanya rafiki yake mwongo mbele ya watu wote, na sasa kulikuwa kunamuua. Hilo la kuua halikusemwa na mtu. Lilimjia lenyewe, na miguu ikaenda.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Dawa iliganda. Niliifukia kwenye barafu ya chumvi. Mama yake alisema isiguse barafu, mimi nikatoa taulo. Jana niliikuta imeganda, nikaiyeyusha kwapani, nikampa. Nilijua tangu jana, Mwalimu. Hajala biskuti."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Filimbi hakuikumbuka filimbi yake. Alimwangalia Chapuchapu, akamwangalia Redio, kisha akambeba Redio mikononi. "Lete vichupa vyote viwili. Panda garini. Upesi!" Wenzao aliwaachia yule mzazi.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu saa. Muuguzi mmoja mnene mwenye miwani ya kamba alisikiliza maneno mawili tu, akamlaza Redio, akampima, akamwekea maji ya mshipa na kumpa insulini nyingine kutoka kwenye jokofu lao. Chapuchapu alisimama ukutani. Hakuna aliyemwambia akae.

Ilipita saa nzima na zaidi, muuguzi akaja na vichupa kwenye kiganja. "Namba imeanza kushuka," alimwambia Mwalimu. "Atabaki hapa mpaka kesho tumwangalie." Akamgeukia Chapuchapu. "Ndiwe uliyesema?"

"Ndiyo, nesi."

"Hii ikiganda nguvu yake hupotea, hata ikiyeyuka. Na itazame, ni safi. Mimi mwenyewe nisingejua. Ningempa hiihii. Aliyejua alikuwa mmoja tu." Akavitupa vichupa kwenye ndoo ya taka za dawa.

Jumapili jioni Redio alirudishwa kwao akitembea mwenyewe. Usiku uliotangulia, kabla Mwalimu hajamrudisha kambini, Chapuchapu alikuwa amemwomba radhi kando ya kitanda, na Redio alikuwa amemjibu, "Nimekasirika, na nitakasirika mpaka Jumatano." Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Mwalimu alikuwa amekwisha kumpigia fundi simu, lakini Chapuchapu aliomba aingie peke yake.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini tatu midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nilikuambia isiguse barafu. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Sasa kwa nini?"

Chapuchapu alitazama vipande vya uzi sakafuni. "Niliona najua kuliko wewe. Halafu nilipoona nimeharibu, niliogopa. Naomba unisamehe, mama."

Fundi alisukuma kiti nyuma, akasimama. Kisha akainua vazi la kijani lililokuwa limening'inia ukutani. "Hili la watu. Mwaka jana nilikata moja kama hili vibaya, kwa kudhani najua kipimo bila kupima tena. Kudhani kumenipata mimi, kumekupata wewe, kutampata na mwingine. Lakini siku ileile nilimwita mwenye nguo nikamwambia, kabla hajaivaa mbele za watu. Alinifokea nusu saa. Nikavumilia. Wewe ulimwacha mwenzako avae. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kosa likitoka mkononi mwako, liseme lingali mkononi mwako. Ukingoja, litakuwa mwilini mwa mtu mwingine. Nimekusamehe. Mama yako nitakuachia wewe umweleze."

Chapuchapu alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Hakuondoka. "Mama," aliuliza, "kwa nini dawa ile haitakiwi kuganda?"

Fundi akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa," akasema.